Mjane wa Ubaoni

Katika chapa saba za ubao ambazo msanii wa Kijerumani Käthe Kollwitz alizikusanya kwa jina la Krieg, yaani Vita, iliyo kimya kuliko zote ni ya nne, Mjane wa Kwanza. Alizichonga mwaka 1921 na 1922, miaka saba baada ya mwanawe Peter kuuawa vitani Ubelgiji, Oktoba 1914. Lakini humu hamna bunduki wala kaburi. Yumo mwanamke mmoja amesimama, kichwa kimemlalia upande, na mikono yake mikubwa, mikono ya mtu wa kazi, ameikumbatisha kifuani, juu ya tumbo la ujauzito.

Kollwitz alikuwa bingwa wa kuchora kwa sindano juu ya bamba la madini, fani inayopokea kila unywele na kila kunjo. Mwaka 1920 aliziona chapa za Ernst Barlach, akageukia ubao. Aliyekulia mbele ya milango ya nakshi anajua kuwa patasi haina kufuta. Katika chapa, kilichochongwa hutoka cheupe na kilichobakishwa hutoka cheusi. Hapa kimebakishwa kingi: vazi ni giza, na nuru imeachiwa uso na mikono.

Wapo wanaoisoma picha hii kama hotuba ya kupinga vita. Hawakukosea, ila wameharakisha. Hotuba ina wasikilizaji, na mwanamke huyu hasemi na mtu. Katika chapa ya tano, Mjane wa Pili, mama amelala chali na mtoto mchanga juu yake. Pale msanii anatuamuru tulie. Hapa ametuacha kizingitini, kama jirani aliyekuja kuhani akakosa la kusema. Kwa hiyo naiona ya nne kuwa bora.

Msomaji wa pwani ataongeza jambo. Mjane huyu hayumo katika sheria yetu, lakini kwetu eda ya mwenye mimba huisha ajifunguapo. Tukimtazama kwa jicho hilo, mikono ile imeshika msiba pamoja na mwisho wake.

Vita hivyo hivyo vilifika Tanga Novemba 1914, vikawachukua wapagazi wetu kwa maelfu. Jina la Kariakoo limebaki likiwataja. Wajane wao sijawaona katika ubao wowote. Washairi wetu, waliozoea kuwahesabu mashujaa, wana deni hapo, nalo halihitaji utenzi mrefu. Beti chache zenye utulivu wa chapa hii zingetosha kuanza kulilipa.