Urembo wa Gari na Matope ya Kasulu

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: nani alitufundisha kwamba gari zuri lazima liwe refu, la chini na la kung'aa? Mimi nimekulia kati ya Kasulu na Kibondo, na swali hili limenikera siku nyingi.

Magari ya mwanzo ya matajiri hayakuwa na sura ya kusifiwa. Yalikuwa mikokoteni iliyonyang'anywa farasi, abiria wamekaa juu kama wako jukwaani. Mwaka 1901 Wilhelm Maybach wa Ujerumani alitoa Mercedes ya kwanza, yenye nguvu za farasi 35. Alirefusha chesisi, akashusha injini, akaweka mbele rejeta yenye matundu kama sega la nyuki. Hakuwa anatafuta urembo; alitaka gari litulie kwenye kona na injini isichemke. Lakini urembo ulikuja wenyewe.

Baadaye urembo ukapata ofisi yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, tajiri alinunua chesisi na injini kwa Rolls-Royce, kisha akaipeleka kwa fundi bodi, kama sisi tunavyompelekea fundi cherehani kitambaa. General Motors ya Marekani ikaona biashara hapo. Mwaka 1927 ilitoa LaSalle, mdogo wake Cadillac, iliyochorwa na Harley Earl kwa kuigiza Hispano-Suiza ya Ulaya. Mwaka huohuo ikamfungulia Earl idara ya sura na rangi. LaSalle naisifu: madigadi, boneti na milango viliacha kuonekana kama vitu vilivyookotwa huku na huku, vikawa mwili mmoja.

Mchezo uliharibika baadaye. Earl alishikilia wazo moja: refu zaidi, chini zaidi. Cadillac ya 1948 ikaota mapezi nyuma, yaliyoigwa kwa ndege ya kivita. Kufika 1959 yamekuwa marefu ya kuchekesha. Mapezi yale hayabebi kitu, hayasukumi kitu. Ni majivuno matupu, bwana!

Sasa ulete uzuri huo kwetu. Kwa miaka mingi njia ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa udongo mwekundu: kiangazi vumbi, mvua ikinyesha utelezi mtupu. Gari la chini lilikaa tumbo kwenye matope, likavutwa kwa kamba. Basi fundi wetu akaongeza springi, akaliinua, akafunga karia juu na vyuma mbele. Watu wakacheka, ati kaliharibu shepu! Mimi nakataa. Fundi yule na Maybach ni ndugu. Mmoja alishusha, mwingine akainua, lakini wote wawili waliitazama njia kwanza.

Sisemi pambo ni dhambi. Kijana anayefunga vioo na maua kwenye baiskeli yake ya kubebea ndizi ana haki ya kupendeza. Kosa ni pambo likichukua nafasi ya ndizi. Na sisi tunaoandika tujikague hapohapo, maana tumeshaota mapezi mengi ya kuazima.

Mgonjwa anayengoja kupelekwa hospitali usiku wa mvua haulizi gari lina shepu gani. Anauliza kama limeshavuka matope.