Jina na Nasaba katika Masimulizi ya Mekatilili wa Menza

Mtu atafutaye habari za mhenga aliyeishi zama za ukoloni katika pwani ya Malindi na Kilifi hukabiliwa na matini za aina mbili: majalada ya serikali na masimulizi ya wazee. Wapo washikiliao kwamba majalada ndiyo historia, na masimulizi ni pambo tu. Makala haya yanapinga rai hiyo kwa kuchunguza habari za Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama.

Majalada huanza pale mhusika anapoisumbua serikali. Yanaeleza kukamatwa kwake Oktoba 1913, baada ya viapo vya fisi na mukushekushe vilivyowafunga watu wasiitii serikali iliyodai kodi na vibarua. Kuhamishiwa kwake Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Kutoroka kwao Januari 1914. Na kulipuliwa kwa Kaya Fungo Agosti mwaka huo. Tarehe hizo zina thamani yake, lakini zinamchora mtu asiye na jamaa. Jalada lamhitaji mkosaji, si ukoo wake.

Masimulizi huanzia kwingine. Jina lake la utotoni ni Mnyazi. Menza ni baba yake. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Alitamkaye jina hilo kwa ukamilifu amekwisha kutaja vizazi vitatu. Yasimuliwa pia kwamba alimshuhudia nduguye, Mwarandu, akinyakuliwa na wafanyabiashara ya watumwa. Kisha hufuata kisa mashuhuri: Mekatilili alimtaka Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza, achukue kifaranga mmoja, naye akadonolewa na mama kuku.

Mhakiki aulizaye tu iwapo kisa hicho kilitukia ameuliza swali dogo. Kisa hicho ni ufafanuzi wa jina. Ndugu alichukuliwa; wana wanatakiwa; mwishowe mama mwenyewe anachukuliwa. Fanani ameyapanga matukio kwa mantiki ya ukoo, ambamo kila pigo ni la kunyang'anywa jamaa. Mantiki hiyo haimo katika majalada, na bila yake uasi wa 1913 waonekana kama ukaidi wa mtu mmoja.

Hata hivyo, masimulizi nayo yahitaji kuhakikiwa. Kadiri Mekatilili anavyotukuzwa kuwa shujaa wa taifa, ndivyo Katilili anavyofifia: jina lake hutajwa kila siku ndani ya jina la mamaye, ilhali katika masimulizi yaliyoenea maisha yake hayana nafasi. Ushujaa, sawa na jalada, huweza kumtenga mtu na jamaa zake.

Kwa hiyo mtafiti wa nasaba asitosheke na sifa za shujaa. Alipozikwa Mekatilili, huko Bungale, pajulikana. Kazi iliyosalia ni kuwauliza wazee habari za wale waliomzunguka, kabla majina yao hayajabaki matamshi matupu.