Nani Mtunzi? Tawasifu, Lugha na Kicheko katika Filamu ya Barbet Schroeder kuhusu Idi Amin

Istilahi ya tawasifu, kama inavyotumika katika uhakiki wetu, huchukulia kwamba anayesimulia na anayesimuliwa ni mtu mmoja. Filamu Général Idi Amin Dada: Autoportrait (1974) inaitia dhana hiyo mashakani. Anwani yake inadai kwamba Amin amejichora mwenyewe, ilhali mwongozaji ni Barbet Schroeder, aliyezaliwa Tehran mwaka 1941, Mswisi kwa uraia lakini Mfaransa kwa malezi ya kisinema, ambaye pamoja na Éric Rohmer alianzisha kampuni ya Les Films du Losange mwaka 1962. Ni nani, basi, mtunzi wa matini hii?

Filamu zake za kubuni, kuanzia More (1969) hadi Reversal of Fortune (1990) aliyoitengenezea Marekani, hazitatushughulisha hapa. Linalotuhusu ni kwamba mbinu aliyoijaribu Uganda aliirudia baadaye kwa wakili Jacques Vergès (2007) na kwa mtawa Wirathu wa Myanmar (2017): mhusika mwovu huachiwa uwanja ajieleze mpaka maneno yake yamshitaki.

Amin aliupokea uwanja huo kwa furaha. Anapiga kodiani, anawaonyesha wageni wanyama wa mtoni, anaongoza vita vya maigizo dhidi ya Israeli. Kisha anakutana na mawaziri wake na kumkaripia Waziri wa Mambo ya Nje, Michael Ondoga. Sauti ya msimulizi inaingia kwa ufupi: muda si mrefu baadaye maiti ya waziri huyo ilipatikana katika Mto Nile. Sentensi hiyo moja inageuza yote tuliyokwisha kuyacheka. Hii ni kejeli ya kidrama ya hali ya juu, lakini pia ni ushahidi kwamba yupo mtunzi wa pili.

Naye Amin alilitambua hilo. Yeye alipewa nakala fupi. Watazamaji wa Ulaya walionyeshwa ndefu zaidi. Alipojua, aliamuru Wafaransa waliokuwa Uganda wakusanywe hotelini, wakapewa namba ya simu ya Schroeder ili wamsihi akate sehemu zilizomchukiza rais. Schroeder alikata, na akazirudisha sehemu hizo baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Kwa muda wote huo, kwa hiyo, mhusika alikuwa mhariri kwa nguvu ya bunduki. Wahakiki wanaolisoma neno autoportrait kama mzaha tu wa mwongozaji wanalipuuza jambo hili.

Hata hivyo, tuna shaka moja kuhusu kazi hii, nayo ni ya lugha. Mbele ya kamera Amin anazungumza zaidi Kiingereza, na Kiingereza hicho kinachochechemea ndicho chemchemi ya kicheko cha ukumbini Paris na London. Lakini huyu ni askari aliyelelewa na KAR, jeshi ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili, na mwaka 1973 ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Picha aliyojichora kwa lugha ya kuazima amewachorea wenye lugha hiyo. Msomaji wa Bungoma au Kitale, aliye karibu na Lwakhakha na Suam, hawezi kucheka kwa namna ileile. Mnamo Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda, akitegemea mipaka ya kabla ya 1902. Na katika miaka hiyo walimu waliomkimbia walifundisha katika shule zetu. Picha waliyokuwa nayo wao haimo katika filamu. Waganda wa kawaida ndani yake hupiga makofi, huimba na kucheza. Ni nadra kuulizwa lolote.

Isipokuwa, pengine, katika mkutano wa madaktari. Amin ameketi mbele ya wasomi hao, na kwa mara ya kwanza hana la kusema. Kamera ya Néstor Almendros inaukazia uso wake bila kuhama. Macho yanakwenda huku na huku, jasho linamtoka. Hapo hakuna Kiingereza cha kuchekwa, na madaktari wenyewe hatuwaoni.