Hofu ya Kitabuni

Wako wasemao kwamba hadithi za kutisha hazimfai msomaji mwenye busara, maana zamtia woga na kumnyima usingizi. Sisi twaona kwamba yapasa kwanza kuuliza: hadithi yamtisha kwa kitu gani, na ikiisha kumtisha, yamwacha wapi?

Tutwae kitabu cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Tajiri mmoja, Bwana Ali, aonekana ameuawa mahali penye mzimu. Sisi tukaao Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Wazee wetu walikwenda pangoni Kolelo kuomba mvua na mavuno. Kwa hiyo tulipofika hapo mwili ulitusisimka, tukaisogeza taa karibu.

Lakini Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, hakubali kwamba mzimu umeua. Atafuta mkono wa mtu. Ndipo hofu yetu ilipogeuka. Hatukuogopa tena mawe na miti, bali moyo wa binadamu. Arthur Conan Doyle alifanya vivyo hivyo katika hadithi ya mbwa wa ukoo wa Baskerville, iliyotoka kitabuni mwaka 1902: aliyedhaniwa kuwa shetani alikuwa mbwa wa kweli, na nyuma yake mtu mwenye tamaa ya urithi.

Kasoro moja twaiona. Mazungumzo ya upelelezi ni marefu, na giza la mzimuni lafifia upesi. Tungependa mwandishi atukalishe humo zaidi kidogo.

Hata hivyo faida yashinda kasoro. Mtoto akifa ghafula kijijini, wako wasioulizia maji aliyokunywa wala homa aliyokuwa nayo. Humtazama bibi kizee aishiye peke yake. Hofu ya namna hiyo yaweza kuleta kifo cha pili. Basi mzazi asimnyime kijana kitabu hiki. Na wakisome pamoja jioni, na kila wafikapo mahali pa kutisha, amwulize: wewe wadhani ni nani aliyefanya, na wajuaje?