Radi za Tshopo na masikio ya foni

Anayekwenda kununua foni Kisangani huuliza kwanza wati: hamsini, mia, au zaidi? Mimi ningemshauri aanze na swali jingine. Radi ikipiga, kipokezi cha redio hiyo kinachukua muda gani kusikia tena?

Foni, yaani redio ya mawimbi mafupi ya kuongea kwa zamu, imebeba kwa miaka mingi habari za parokia, wafanyabiashara na vituo vya afya vya mkoa wa Tshopo. Ubundu iko kilomita 125 kutoka Kisangani kwa njia ya reli, Opala iko kwenye mto Lomami, Bafwasende imezungukwa na msitu, na katikati yake kuna vijiji vingi ambavyo mnara wa simu haujavifikia. Huko foni bado ina kazi, na ujumbe wake mara nyingi ni wa namba: wagonjwa wangapi, chupa ngapi za chanjo, magunia mangapi ya mpunga.

Shida ya kwanza ya kipokezi ni tofauti ya nguvu za sauti zinazokifikia. Sauti dhaifu kutoka mbali inaweza kuleta mikrovolti moja tu kwenye antena. Jirani wa mtaa wa pili akibonyeza kipaza sauti chake, antena hiyohiyo inaweza kupata milivolti mia. Hiyo ni mara laki moja, au desibeli 100. Kipokezi kikikuza zote kwa kiasi kilekile, ya kwanza haitasikika au ya pili itapasuka. Lazima ukuzaji upande na kushuka wenyewe, kila nukta, bila mkono wa mtu.

Njia ya kufanya hivyo ilipatikana Marekani Januari 1926. Harold Wheeler, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Hazeltine, alichukua volti inayotoka kwenye dayodi inayochuja sauti, akairudisha nyuma kwenye taa za ukuzaji ili izipunguze nguvu. Wimbi likiwa kubwa, volti hiyo hupanda na ukuzaji hushuka. Wimbi likififia, mambo hugeuka. Mwaka 1929 Philco waliuza redio yao ya Model 95 ikiwa na udhibiti huo ndani yake, na wasikilizaji wakaacha kushindana na kitufe kila stesheni ilipofifia.

Kwa redio za utangazaji ufumbuzi huo ulitosha kabisa. Mtangazaji anaporusha sauti kwa njia ya kawaida ya mawimbi mafupi, wimbi bebezi lipo hewani wakati wote, hata anapovuta pumzi. Kipokezi kina kitu cha kupima. Radio Okapi ilipoanza kusikika tarehe 25 Februari 2002, siku yalipofunguliwa mazungumzo ya Wakongomani kule Sun City, mawimbi mafupi yalikuwa sehemu ya kazi yake, na redio ndogo ya betri iliweza kufuata kupanda na kushuka kwa mawimbi hayo bila taabu kubwa.

Foni haina bahati hiyo. Ili kubana nguvu, hurusha upande mmoja tu wa wimbi na kulizima wimbi bebezi. Mtu akinyamaza, hewani hakuna kitu. Udhibiti ukiachilia haraka, kila pengo kati ya maneno litajazwa na mvumo wa kelele za anga, kisha neno linalofuata litaingia kwa kishindo. Kwa hiyo mafundi waliweka mwendo wa aina mbili: kushusha ukuzaji ndani ya milisekunde chache tu, na kuurudisha polepole, kwa sekunde moja au mbili. Katika anga tulivu, sauti hutoka laini na masikio hayachoki.

Lakini anga ya bonde la Kongo si tulivu. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliihesabia Kabare, Kivu ya Kusini, radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kampene ya Maniema ilihesabiwa 177. Mawimbi ya radi husafiri mbali, na foni ya Kisangani huzisikia za karibu na za mbali.

Hapo mwendo uleule uliopendeza huwa adui. Radi ni pigo fupi, lakini nguvu yake ni kubwa. Kipokezi hushusha ukuzaji wake papo hapo kama kilivyofundishwa, kisha pigo limekwisha na chenyewe bado kimeziba masikio, kama mtu aliyetoka jua kali akaingia chumba chenye giza. Muuguzi wa Opala amesema “wagonjwa kumi na wawili”. Radi imepiga baada ya “kumi”, na Kisangani imeandikwa kumi. Hakuna aliyekosea kusema, na wala antena haina kasoro.

Kinachoamua ni vifaa viwili vidogo: kapasita inayohifadhi volti ya udhibiti na rezista inayoitoa. Kapasita ya mikrofaradi moja na rezista ya megaomu moja huacha zaidi ya theluthi moja ya volti ile baada ya sekunde nzima. Weka kapasita ya sehemu ya kumi ya hiyo, na sekunde ikipita haibaki kitu, ila kelele za kati ya maneno zitakuwa zimerudi. Suluhisho ninaloliona bora ni kuwa na njia mbili sambamba: kapasita ndogo ipokee mapigo mafupi na kuyasahau upesi, kubwa ichajiwe polepole na sauti ya mtu pekee. Redio za kisasa hufanya hayo ndani ya programu.

Mwenye redio ya zamani hajakwama. Kama ina swichi ya mwendo wa haraka, aitumie mvua inapokaribia. Ashushe pia ukuzaji wa mawimbi kwa mkono mpaka mvumo wa anga uwe mnong'ono, kwa sababu kwenye mawimbi haya kelele ya anga huwa juu kuliko ya redio yenyewe, hivyo hapotezi kitu. Ionosfia ikiruhusu, kupanda kutoka megahezi 4 hadi 7 nako husaidia, maana kelele za radi hupungua kadiri megahezi zinavyopanda.

Sasa turudi kwenye wati. Kutoka mia kwenda mia mbili ni nyongeza ya desibeli 3. Kwenye mita ya nguvu ya mawimbi daraja moja ni desibeli 6, kwa hiyo fedha yote hiyo imenunua nusu daraja, na haijarudisha hata silabi moja iliyomezwa na radi.

Mita hiyohiyo ndiyo kipimo cha kutumia dukani, kwani kwenye redio nyingi husoma volti ya udhibiti. Nenda alasiri mvua inapokusanyika, weka redio kwenye wimbi tupu, utazame sindano. Radi ikipiga itaruka juu. Ikirudi chini kabla hujamaliza kutamka “kumi na mbili”, inunue.