Gando: paa ndilo lililoliokoa tofali

Mwaka 2001, kijiji cha Gando nchini Burkina Faso kilipata shule ya msingi ya madarasa matatu iliyojengwa kwa udongo wa hapohapo. Aliyeichora, Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji hicho, na wakati huo alikuwa bado anasomea usanifu majengo Berlin. Fedha zilichangishwa kupitia chama alichokianzisha mwaka 1998, na nguvukazi ikatoka kwa wanakijiji wenyewe. Shule ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004. Sifa nyingi zimeliendea tofali, lakini ukilichambua jengo lenyewe utaona kuwa mzigo mkubwa umebebwa na paa.

Mwanzoni wanakijiji hawakuutaka udongo, na walikuwa na sababu. Nyumba za udongo walizijua: mvua ikinyesha zinamomonyoka, kiangazi kikifika zinakandikwa upya. Jibu likawa tofali la udongo uliotiwa saruji kidogo na kugandamizwa kwa mashine. LOCOMAT, wakala wa serikali ya Burkina Faso, iliwafundisha wafyatuaji namna ya kulitengeneza. Mbinu hiyo haikuwa ngeni duniani. Mashine ya mkono ya CINVA-Ram, inayogandamiza udongo kwa mtaimbo mrefu, ilibuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950.

Mashine, hata hivyo, haiwezi kuurekebisha udongo mbaya. Kwanza huondolewa udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Wa chini yake hupimwa kwa chupa ya kioo: unatia udongo kama theluthi, unajaza maji, unatia chumvi kidogo, unatikisa kwa nguvu, kisha unaiacha itulie. Mchanga hutua upesi, vumbi laini hufuata, mfinyanzi huja mwisho baada ya saa nyingi. Ukipima matabaka hayo kwa rula unapata picha ya kwanza ya udongo ulio nao. Kwa tofali la udongo na saruji, mchanga unapaswa kuwa ndio mwingi. Mfinyanzi ukizidi, tofali litasinyaa na kupasuka likikauka; ukipungua mno, kona zitameguka likitolewa tu kwenye mashine. Saruji kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 10, na udongo ukiwa mbaya gharama hupanda kwa sababu saruji ndiyo inayoongezwa kuufidia.

Kosa la kawaida huja baada ya kufyatua. Fundi aliyezoea tofali bichi hulianika juani likauke haraka, ilhali saruji inahitaji maji ili ishike. Tofali lenye saruji hukaa kivulini chini ya nailoni, humwagiliwa wiki ya kwanza, na huachwa likomae hadi kama siku 28 ndipo libebe mzigo. Kinachoonekana kama ucheleweshaji ndicho kinacholipa nguvu.

Hata likikomaa vizuri, tofali hili halipendi kupigwa na mvua mwaka hadi mwaka. Ndipo paa la Gando linapoingia. Bati likikaa moja kwa moja juu ya darasa huwachoma wanafunzi. Kéré aliweka kwanza dari ya matofali hayohayo ya udongo, yakilala juu ya nondo na mihimili ya zege, kisha akaliinua bati juu zaidi kwa kenchi nyepesi. Hewa ya moto hupanda na kutokea katika uwazi ulioachwa kati ya dari na bati. Bati limetokeza mbali nje ya kuta, kwa hiyo mvua huanguka chini bila kuufikia ukuta.

Kenchi hizo ni nondo za kawaida za ujenzi. Winchi haikuwapo, na kuleta vyuma vikubwa kutoka mbali kungegharimu mno. Wanakijiji walifundishwa kutumia msumeno wa chuma na mashine ndogo ya kuchomelea, basi. Huo ndio uhandisi wenyewe: mchoro ulianzia kwenye vifaa vilivyopo na mikono iliyopo.

Wahandisi wa kujitolea wanaokwenda kusaidia ujenzi wa kituo cha mafunzo kijijini wana cha kuchukua hapo. Mara nyingi muda wao ni mfupi, nao huishia kubeba matofali, kazi ambayo vijana wa kijiji wanaiweza kuliko wao. Faida yao ni katika kupima udongo, kukokotoa kenchi, kuhakikisha msingi unainua ukuta juu ya maji yanayotuama, na kumwachia fundi mkuu vipimo vilivyoandikwa. Hapa Tanzania, ambako NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, imekuwa ikieneza matofali ya kufungamana, maswali ni yaleyale: udongo una mfinyanzi kiasi gani, tofali limekomaa, na maji ya mvua yanakwenda wapi?

Bajeti ikibana, kamati ya ujenzi huanza kupunguza upana wa paa kwa kuwa bati ni ghali. Heri waache lipu na rangi. Ukuta usiopigwa lipu utasimama ukiwa mkavu, ila paa likifupishwa, kijiji kitarudi kukandika kila mwaka.