Kwanza Inua Mguu

Mpiga kinanda wa kwaya aliingia kwenye kibanda cha fundi, uchochoroni Kariakoo, amekumbatia kompyuta yake kama aliyebeba mtoto mwenye homa. Ilikuwa mwaka 2004. Hata kiti hakungoja kukaribishwa.

"Shikamoo fundi. Nyimbo zangu zimekuwa bubu."

"Marahaba. Zote?"

Si zote. Nyimbo za kawaida zilikuwa zinalia vizuri. Zilizonyamaza ni zile faili za MIDI alizotumia kuwafundishia wanakwaya sauti ya pili na ya tatu. Ukizifungua, dakika zinahesabika kwenye skrini, wimbo unakwenda mpaka mwisho, na husikii kitu. Jumapili ilikuwa imebaki siku mbili.

Mimi nilikuwa kijana wa kushinda pale kibandani, nikishika tochi na kutumwa chai. Nilishanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Fundi akanitazama, nikairudisha mezani. Akamgeukia mteja na kumuuliza kama nyumbani kuna watoto, na kama watoto wanacheza gemu. Walikuwepo, na walikuwa wamecheza: gemu ya zamani ya ndege za kivita waliyoazimwa na jirani. Fundi akafungua ukurasa wa sauti, akatuonyesha kitelezi cha MIDI. Kilikuwa kimelala chini kabisa. Baadhi ya gemu za miaka ile zilikuwa na tabia hiyo: zikitaka kumaliza wimbo zinaishusha sauti polepole, kisha zinajifunga bila kuirudisha ilipokuwa.

"Mgeni kaondoka na ufunguo," fundi akasema, akakipandisha kitelezi. Utangulizi wa wimbo wa Jumapili ukajaa kibandani, na yule bwana akaanza kuimba besi hapo hapo, amesimama, amefumba macho.

Nimewaona mafundi wengi tangu siku hiyo. Sijamwona mwingine aliyeanza kazi kwa kuuliza nani alikuwa hapa kabla, na aliondoka vipi.

Aliyewahi kushika kinanda anajua kuwa MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: bonyeza, achia, kanyaga, inua, kwa chaneli 16, yakipita kwenye waya kwa kasi ya biti 31,250 kila sekunde. Ndiyo maana muziki wa gemu nzima ulienea kwenye nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Ndiyo maana pia, gemu ikistaki baada ya "bonyeza" na kabla ya "achia", chombo kinaendelea kutii agizo la mwisho lililokifikia. Kiliambiwa piga, na hakuna aliyekuja kukiambia basi.

Fundi alikuwa na kisanduku cha Roland SC-55, toleo la mwaka 1991, alichokipata katika shehena ya mitumba. Kioo chake kilikuwa cha rangi ya chungwa, na ndani yake milia 16 ikipanda na kushuka, kila chaneli na mlia wake. Jioni, akishamaliza kazi za watu, aliunganisha kisanduku hicho na kompyuta kuukuu tukacheza gemu za zamani, yeye akifumba macho kusikiliza wakati mimi nafa na kufufuka kwenye skrini. Gemu ikistaki, milia 15 inalala na mmoja unabaki umesimama. Kwenye spika unasikia uzi mmoja wa sauti, fidla au filimbi, haupandi, haushuki, haukomi. Wengine uliwatia wazimu. Mimi mkono wangu ulikimbilia swichi.

"Kwanza inua mguu," alikuwa akiniambia.

Ilinichukua wiki kadhaa kumwelewa. Kuna agizo namba 120, linalokata sauti zote papo hapo. Kuna namba 123, linaloziachia noti tu, kila moja ikaenda zake kwa mwendo wake: fidla ikafifia, piano ikamalizia mtetemo, kengele ikachukua muda wake. Lakini kama gemu iliacha kanyagio limekanyagwa, yaani agizo namba 64, basi 123 unaituma na mlia bado umesimama, kwa sababu kile kidole kimeshatoka ila mguu bado umeikanyaga noti. Fundi asiyejua hapo hukasirika, akatuma 120 au akazima umeme. Yeye alituma 64 yenye sifuri, akainua ule mguu usioonekana. Kisha 123. Kisha akakunja mikono na kungoja. Mlia ulishuka ngazi kwa ngazi, na sauti ikaisha kama mpigaji mwenyewe ndiye aliyeimaliza. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiikate tu, maana matokeo ni yale yale, ni kimya. Akanijibu kwamba kimya cha kukatwa na kimya cha kumaliza havifanani, na kama sivisikii tofauti nikae nivisikilize tena.

Nikakaa nikasikiliza. Kweli havifanani.

Na kunyamaza hakukumtosha. Gemu huacha mengine ambayo hayasikiki mpaka chombo kipigwe tena: sauti iliyopindwa nusu toni, mwangwi uliozidi, chaneli iliyoshushwa sauti. Ukicheza wimbo wa kwaya juu ya mabaki hayo, filimbi inatoka imepinda na mwimbaji anadhani kosa ni lake. Kwa hiyo kila baada ya gemu fundi alifungua daftari lake la jalada gumu, penye ukurasa ulioshika mafuta ya vidole, akaandika kwa kalamu ya bluu ujumbe wa kukirudisha kisanduku katika hali yake ya asili: F0 41 10 42 12 40 00 7F 00 41 F7. Aliujua kwa moyo. Hata hivyo aliuandika upya kila mara, akipiga hesabu ya ile namba ya kumi, ambayo ni ya kuhakiki. Nne zilizoitangulia, kwa hesabu yetu ya kawaida, ni 64, 0, 127 na 0. Jumla 191. Toa 128, inabaki 63. Itoe 63 katika 128, unapata 65, ambayo kwa maandishi ya mashine ni 41. Kisanduku nacho hupiga hesabu hiyo hiyo kwa upande wake. Zisipolingana hakiupokei ujumbe. Alipenda sana jambo hilo, kwamba chombo na fundi wanahakikiana. Akimaliza alipiga mstari chini ya ile 41 kama mwalimu anayesahihisha.

Uungwana huo haukuanzia kwake. Ulikuwamo tangu mwanzo. Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland, kimoja kikabonyezwa na kingine kikalia. Kampuni hizo mbili zilikuwa zinashindania wateja wale wale. Dave Smith wa Sequential, Marekani, na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani, walikubali vyombo vyao viwe na lugha moja, wakaiacha wazi kwa kila mtu. Mwaka 1991 ukaja utaratibu wa General MIDI, sauti 128 zenye namba zinazojulikana, ili wimbo ulioandikwa mahali pamoja ueleweke kwingine. Watunzi wa gemu waliula ukarimu huo mpaka mfupa. Bobby Prince aliutumia kwa muziki wa Doom mwaka 1993. Michael Land na Peter McConnell walitengeneza mfumo wa iMUSE, na katika Monkey Island 2 muziki ukawa unageuka kumfuata mchezaji anakokwenda, kiungo kwa kiungo, bila mshono kuonekana. Mimi naihesabu hiyo kuwa kazi kubwa kuliko rekodi nyingi za gharama nilizozisikia kwenye gemu za siku hizi.

Leo gemu hubeba muziki uliokwisha kurekodiwa, na ukistaki unakatika tu, hakuna cha kuinua. Tangu Windows Vista, ule ukurasa wa kuchagua chombo cha MIDI umeondolewa kwenye mipangilio. Kijana akipatwa na sauti iliyoning'inia anazima na kuwasha, na akiona haikusaidia anafuta kila kitu. Hata harusini nimeona mpiga kinanda anachomoa waya noti ya mwisho ikiwa bado hewani, watu wakapiga makofi juu ya ule mlio wa spika. Huwa nainamisha kichwa. Kakehashi alifariki mwaka 2017, Smith mwaka 2022, na siku za habari hizo nilikosa hata mtu wa kumpigia simu tuzungumze.

Kwa sababu fundi alikuwa ameshatangulia. Nilichelewa kuzipata habari. Nilipofika uchochoroni, kibanda kilikuwa kinauza makava ya simu, na kijana wa pale alinipokea vizuri. Kisanduku, alisema, ndugu walikichukua pamoja na spika. Nikamuuliza kuhusu daftari la jalada gumu. Akafikiri kidogo. Makaratasi yalikuwa mengi, akasema, yakapewa mama anayeuza karanga pale kona, ya kufungia.

Nilikwenda mpaka kona. Karatasi zake siku hiyo zilikuwa za gazeti.

Tangu hapo, nikinunua karanga mahali popote mjini, naikunjua karatasi na kuisoma pande zote mbili kabla ya kuitupa.